Tochi Inapozimwa: Historia Fupi ya Usiku Kwenye Barabara ya Mbeya na Iringa

Nimepotea kidogo, mtanisamehe. Wanaofanya kazi kwenye chumba cha habari wanajua: ukirudi nyumbani umeshaandika habari za watu wote, za kwako hazina nguvu tena. Lakini leo nina jambo limenikaa kooni tangu nisafiri na basi la usiku kutoka Mbeya kwenda Iringa, na bora nilitoe.

Tulitoka stendi ya Nane Nane saa tatu usiku. Tulikuwa tunawahi msiba, na msiba hausubiri basi la alfajiri. Pembeni yangu alikaa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu aliyeendesha malori kwenye barabara hii kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuacha. Nilimpa siti ya dirishani kwa heshima, akaikataa. Alitaka ya upande wa njia ili aione barabara. "Dereva hawezi kulala kwenye gari la mwenzake," akaniambia.

Mnaoijua njia ile mchana mnajua inavyokuwa. Uyole trafiki, Igurusi trafiki, Chimala trafiki, Igawa trafiki, na ukikaribia Makambako wengine tena. Dereva anayekuja mbele anakuwashia taa mara mbili, maana yake punguza mwendo, kuna tochi. Tochi ni ile mashine ya kupimia mwendo, jina lililobuniwa na madereva na siku hizi hata sisi magazetini tunaliandika hivyo hivyo. Kibao cha 50 mchana kina maana kwa sababu huenda kuna mtu ameshika tochi chini ya mti. Usiku ule sikuona tochi hata moja. Inachekesha kidogo, kitu chenye jina la tochi kinafanya kazi mchana, giza likiingia kinazimwa.

Naomba nieleweke. Sisemi polisi hawapo usiku. Wapo, na sisi tulisimamishwa mara mbili. Askari alizungumza na dereva, akamulika ndani, tukaruhusiwa. Ninachosema ni kwamba vijiji vilikuwa pale pale, vibao pale pale, na watu wanaovuka barabara kutoka vilabuni pale pale, lakini kile kinachomfanya dereva aogope mchana hakikuwepo. Badala yake kulikuwa na kifaa kidogo mbele ya dereva kilicholia kila mwendo ulipozidi.

"Zamani hata hako kadude hakakuwepo," mjomba akasema. "Zamani usiku ulikuwa wetu."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonikaa kooni. Usiku wa barabara ni wa nani? Nikaanza kuchimba, na nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na jambo dogo. Kosa la barabarani, ili liwe kosa kweli na siyo tukio tu, linahitaji watu watano. Wa kwanza aone. Wa pili aandike. Wa tatu apokee faini. Wa nne ahukumu, kama dereva amekataa kosa. Wa tano akumbuke, ili kosa la leo lihesabiwe pamoja na la mwaka jana. Ofisi za Serikali yetu zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Sasa jiulize, saa nane usiku pale Igawa, kati ya hao watano ni nani yuko macho?

Barabara yenyewe haijawahi kuwa na saa za ofisi. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, ikajikuta mafuta yake yamekatika, kwa sababu njia yake ilikuwa inapitia huko. Ikabidi mafuta yapite Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikawa na kampuni ya pamoja ya malori, Zambia Tanzania Road Services. Malori yakapita kwenye vumbi na kwenye tope, mapipa ya mafuta mgongoni, na barabara ikabatizwa kwa Kiingereza jina la Hell Run, mbio za jehanamu. Mabaki ya magari yalitapakaa kando ya njia.

Msaada ulikuja kwa awamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Lami ikajengwa kwa mikopo ya Marekani na Benki ya Dunia, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikawa hii tunayoijua. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970 hadi 1975. Lakini malori hayakuondoka. Yalishazoea njia, na njia ilishazoea kutolala. Barabara hii ilizaliwa kwa dharura ya nchi mbili, na dharura haina saa tisa na nusu.

Lami ikiwa bado mpya ndipo ikaja Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973. Ndiyo tunayoitumia mpaka leo, pamoja na marekebisho yake. Ukiisoma kwa utulivu, siyo sheria mbaya. Inampa askari uwezo wa kusimamisha gari na kukagua leseni. Inaruhusu kosa dogo lilipiwe faini bila kwenda mahakamani. Na inampa hakimu uwezo mkubwa zaidi: kuagiza kosa liandikwe kwenye leseni ya dereva, kuisimamisha, au kuifuta kabisa. Kwa hiyo wazo la leseni yenye kumbukumbu siyo geni kwetu. Lilikuwepo kwenye karatasi toka 1973, ila mlango wa kulifikia ulikuwa ni mahakama, na mahakama inafunguliwa asubuhi.

Wakati huo huo Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu, na vijiji vingi vipya vilipangwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie. Wazo lilikuwa jema. Lakini matokeo yake ni kwamba barabara ya malori ya kimataifa ikawa pia uwanja wa nyumbani, mahali pa kuuzia vitunguu na viazi, njia ya watoto kwenda shule. Ukipita Ilula au Igurusi leo unaliona jambo hilo kwa macho. Mchana tochi inakumbusha kwamba hapa wanakaa watu. Usiku nani anakumbusha?

Serikali yetu nayo, kila iliposhindwa kusimamia saa fulani, ilikuwa na dawa moja: kuifunga saa hiyo. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Jumapili. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani miaka ya 1970 na hali ya uchumi kuwa ngumu, magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Nia ilikuwa kubana mafuta. Ilikuwa rahisi kusimamia, kwa sababu askari hakuhitaji kupima kitu. Gari likionekana tu barabarani baada ya saa nane, tayari ni kosa.

Dawa ile ile ikatumika kwa mabasi. Baada ya biashara ya usafiri kufunguliwa, mabasi ya watu binafsi yakawa mengi, ushindani ukawa mkali, ajali zikaongezeka na majambazi wakawa wanateka magari usiku. Miaka ya 1990 Serikali ikapiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku wa manane. Basi likichelewa njiani lilitakiwa lilaze abiria. Kizazi chetu kimekulia ndani ya marufuku hiyo. Sisi tuliosoma mbali na nyumbani tunakumbuka kuamka saa tisa usiku kuwahi stendi, mabasi yamejipanga kama farasi wa mashindano, injini zinanguruma, yote yanasubiri saa kumi na mbili asubuhi.

Na ni mashindano kweli. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 800. Ukimwambia dereva aondoke asubuhi na usiku wa manane usimkute njiani, umempa saa ya kukimbizana nayo. Kila foleni ya Kitonga, kila pancha, kila kituo cha ukaguzi kinakula muda wake, na muda huo ataurudisha kwa mguu wa kulia. Sheria iliyotungwa kuzuia ajali za usiku ikawa sababu moja ya mwendo wa mchana.

Halafu kuna jambo ambalo huwa halisemwi sana. Marufuku ilifunga mabasi, haikufunga safari. Mtu mwenye msiba, mgonjwa au mtihani kesho asubuhi alisafiri tu. Alipanda lori. Alipanda gari la IT, yale magari mapya yanayotoka bandarini Dar kwenda Zambia na Kongo, ambayo hayaruhusiwi kubeba abiria na hayana orodha ya abiria. Yaani tulimtoa mtu kwenye basi lenye tiketi na bima, tukampeleka kwenye gari ambalo likipinduka hakuna anayejua alikuwemo nani. Mjomba anasema alibeba wengi, na hajawahi kuuliza jina la hata mmoja.

Na je, mchana ulikuwa salama? Machi 11, 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam lilikutana na lori, kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Ilikuwa mchana kweupe. Giza linachangia ajali, hakuna anayebisha, lakini siyo giza peke yake linaloua.

Kuna ofisi moja haikulala miaka yote hiyo. Ni mizani. Wenda pale Iringa, Mpemba karibu na Tunduma, malori yanapimwa saa 24. Ukizidisha uzito saa nane usiku utakutwa saa nane usiku, utaandikiwa saa nane usiku, na hutoki mpaka mambo yaishe. Sina ugomvi na mizani, lami ni ghali na inalipiwa kwa kodi zetu. Lakini tafakari kidogo. Kwa miaka mingi lami ililindwa saa 24, na binadamu anayevuka lami hiyo alilindwa zaidi mchana.

Turudi kwa wale watu watano. Enzi za karatasi, aliyeandika na aliyepokea faini walikuwa wa mchana. Askari alikuandikia, ukaenda kituoni kulipa, ukapewa stakabadhi ya Serikali. Mwenye kitabu cha stakabadhi akishaondoka ndipo matatizo yalipoanza. Ukikamatwa Ijumaa jioni, gari limewekwa kituoni, mhasibu kaondoka, mahakama ni Jumatatu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa makubwa. Lakini wote tunajua Ijumaa jioni ilivyokuwa. Mpaka mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, akawa anarudia kwenye kila mkutano kwamba dhamana ni saa 24, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Waziri hawezi kurudia jambo hilo kama lilikuwa linafanyika.

Hapo katikati, kati ya saa ambayo ofisi imefungwa na saa ambayo dereva anataka kuondoka, ndipo ilipozaliwa ile biashara tunayoijua wote. "Ya maji." "Ya soda." Watu huieleza kama tatizo la tabia, na kweli ni tabia. Lakini pia ni tatizo la dirisha lililofungwa. Mtu mwenye matenga ya nyanya ndani ya lori usiku wa Ijumaa hawezi kusubiri Jumatatu. Nyanya zitaoza. Ukimwekea njia halali inayofunguliwa Jumatatu na njia haramu iliyo wazi sasa hivi, ndugu msomaji, umeshamjibia.

Dirisha hilo limefunguliwa kwa kiasi kikubwa, na tuwe waungwana tukubali. M-Pesa ilikuja mwaka 2008. Leseni mpya za kadi zikaanza kutolewa mwaka 2010. Polisi wakapewa mashine za mkononi za kuandikia makosa, na siku hizi unapata kontroo namba, unalipa kwa simu hata saa tisa usiku ukiwa umekaa kwenye usukani. Faini ya 30,000 kwa kosa ni ile ile usiku na mchana, na kwa bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka 2021 hadi 10,000. Anayepokea fedha sasa halali. Wa tatu kati ya watano ameamka.

Kisha wa kwanza naye akaanza kuamka. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ile iliyokuwa SUMATRA na baada ya sheria ya mwaka 2019 ikawa LATRA, iliagiza mabasi yafungwe kifaa cha kufuatilia mwenendo, kile kilichokuwa kinalia mbele ya dereva wetu. Kinatuma mwendo wa basi usiku na mchana. Kila dereva anatakiwa awe na kitufe chake cha utambuzi ili ijulikane ni nani yuko kwenye usukani, na safari inayozidi saa nane inataka madereva wawili. Ni baada ya hapo, Juni 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaeleza Bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24, na Oktoba mwaka huo safari za usiku zikaanza rasmi. Marufuku ya karibu miaka thelathini ikaisha. Ndiyo maana mimi na mjomba tuliweza kuwahi msiba kwa tiketi, siyo juu ya gunia la mahindi.

Kwa hiyo mambo yamekaa sawa? Hapa ndipo mjomba aliponiharibia usingizi.

Tulikuwa tumeshapita Makambako, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nikamuuliza swali la kiandishi wa habari: mjomba, umewahi kuandikiwa makosa mangapi maisha yako yote? Akacheka kwanza. Akasema hajui. Mwendo, kupita gari lingine mahali pasiporuhusiwa, taa, tairi. Kila mara tajiri alilipa, maana gari likizuiliwa hasara ni ya tajiri. Mengine alikatwa kwenye posho, mengine wala hakuambiwa. Akabadilisha tajiri mara nne. Kila alipokwenda kwa tajiri mpya alikuwa dereva msafi, mwenye uzoefu, leseni yake haina doa.

Halafu akanyamaza kidogo. Akaniambia kuna usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, anashuka Kitonga na mzigo, akasinzia. Aliamshwa na kelele za utingo. Kijana yule alikuwa ameshaushika usukani. Walisimama gurudumu moja likiwa limeshatoka kwenye lami. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyeandika popote. Walipofika chini Ruaha Mbuyuni akaegesha, akakaa mpaka kulipopambazuka. Aliendesha miezi michache mingine, akaacha.

"Hakuna aliyenizuia mjomba," akaniambia. "Nilijizuia mwenyewe. Ningetaka, ningekuwa barabarani mpaka leo."

Jamani, hapo ndipo nilipomuelewa yule mtu wa tano, anayekumbuka. Faini yetu inadai gari. Ukitaka kujua deni la makosa, unaingiza namba ya gari. Tajiri analipa, deni linafutika, gari linaondoka, na dereva anabaki kama alivyozaliwa. Pesa imeingia Hazina lakini hakuna kilichojifunzwa kuhusu mtu mwenyewe. Miaka ishirini ya makosa ya mjomba wangu ililipwa yote, tena kwa wakati, na bado usiku ule wa Kitonga hakukuwa na karatasi hata moja nchini iliyoweza kusema: huyu apumzike.

Ndiyo kazi ya pointi kwenye leseni. Kwa wasioufahamu mfumo huo, kila kosa linakuwa na uzito wake, pointi zinajumlishwa kwa jina la dereva na siyo kwa namba ya gari, zikifika kiwango fulani leseni inasimamishwa hata kama faini zote zimelipwa. Waingereza wanautumia tangu 1982: pointi 12 ndani ya miaka mitatu, unakaa pembeni. Tajiri anaweza kukulipia faini lakini hawezi kukubebea pointi. Kwetu wazo hili limetangazwa na kujadiliwa na polisi na wadau wa usalama barabarani tangu katikati ya miaka ya 2010. Wenzetu wa Afrika Kusini, ambao malori yao yanafika mpaka Tunduma, walipitisha sheria yao mwaka 1998, na zaidi ya miaka ishirini baadaye walikuwa bado wanavutana kuhusu kuanza kuhesabu pointi nchi nzima. Maana yake siyo jambo la kuandika tu na kulizindua kwa keki.

Mimi nauunga mkono mfumo huo, lakini nina hofu mbili.

Ya kwanza ni kwamba pointi zitakuwa za mchana. Zikitegemea tochi ya chini ya mti, watakaojaza pointi haraka ni wale wanaopita mbele ya tochi kila siku: daladala za Mwanjelwa, bodaboda za Ipogoro, mwalimu mwenye gari lake moja. Anayekimbia na tani za mzigo saa nane usiku ataendelea kuwa msafi. Leseni safi itakuwa na maana mbili, dereva mwema au dereva wa usiku, na hatutajua ni ipi.

Ya pili ni ile biashara ya maji na soda. Faini ya 30,000 inauma kidogo. Pointi inayoweza kumfungia mtu kazi miezi kadhaa inauma sana, na kinachouma sana kina bei kubwa zaidi pale gizani, watu wawili wakiwa peke yao. Bila kumbukumbu inayojiandika yenyewe, kama ile ya mwendo wa basi, na bila mahali pa kukata rufaa panapofunguka kabla nyanya hazijaoza, tutakuwa tumepandisha bei tu.

Vifaa tunavyo tayari, na hilo ndilo linanipa moyo. Basi lina kifaa kinachoona usiku. Dereva wa basi ana kitufe kinachosema yeye ni nani. Leseni ni kadi. Malipo ni saa 24. Kilichobaki ni kuviunganisha viwe kumbukumbu moja inayomfuata mtu, awe kwenye basi, lori au gari la IT, kwa tajiri wa kwanza au wa nne. Tumetumia nusu karne kuuliza gari hili linadaiwa kiasi gani. Swali la abiria ni tofauti. Abiria anauliza: huyu anayeniendesha ni nani?

Tuliingia Iringa kukaribia saa kumi alfajiri. Pale Igumbilo basi lilisimama, sisi tukashuka, na dereva wa pili akapanda kwenye usukani kuendelea na safari ya Dar. Nilimwona akigusisha kitufe chake, kifaa kikalia mara moja, kikamkubali. Kijana tu, labda tunalingana umri. Mbele yake kulikuwa na Kitonga.

Mjomba alisimama pale kwenye baridi akiliangalia basi mpaka taa nyekundu zikapotea. Sikumuuliza anawaza nini. Tukatafuta bajaji, tukaenda msibani.